Samaki Aliyeletwa Kuchezewa

Samaki yeyote wa Ziwa Naivasha utakayewekewa kwenye sahani, awe wa kukaanga au wa mchuzi, ni mgeni. Simsemi yule anayetoka Kisumu kwa lori na barafu yake, huyo mambo yake ni mengine. Nasema wale wanaovuliwa humu humu ziwani. Wote waliletwa na mtu, au walisombwa na mafuriko kutoka kwenye kidimbwi ambako mtu alikuwa amewaweka. Kabla ya 1925, samaki wa asili anayejulikana kuishi ndani ya ziwa hili alikuwa mmoja tu: kidagaa mfupi kuliko kidole chako, mwenye jicho linalong'aa kama kipande cha kioo anapoogelea karibu na uso wa maji. Kilatini kilimpa jina refu, Aplocheilichthys. Kiswahili hakikumpa lolote. Alionekana Naivasha mara ya mwisho mwaka 1962. Bendera ya Kenya ilikuwa bado haijapandishwa, na ziwa lilikuwa tayari limempoteza mwenyeji wake wa pekee.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona, na mgeni anayelaumiwa kuliko wote ni samaki mmoja kutoka Marekani, mwenye domo pana na mstari mweusi ubavuni. Waingereza walimwita black bass. Mimi nitamwita basi, na wewe msomaji uniwie radhi. Ukiniona nikisema basi amemeza chura, ujue sizungumzii gari la kwenda Nakuru.

Mimi si msomi wa samaki. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kabisa, na somo langu lilikuwa historia. Lakini nimekaa Karagita vya kutosha, mtaa wa vyumba vya mabati na mawe kando ya barabara ya Moi South Lake, na huwezi kukaa Karagita usijiulize swali hili: ziwa liko pale, unaliona, unalinusa jioni upepo ukigeuka. Mbona kulifikia ni lazima utafute kichochoro?

Jibu linaanza na karatasi. Reli ilifika Naivasha mwaka 1900, na Agosti 1904, papo hapo Naivasha, ukatiwa sahihi mkataba baina ya serikali ya Mwingereza na viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mmoja wao. Kwa mkataba ule Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa na kugawanywa, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini mwa reli. Mkataba ulisema mambo yatabaki hivyo daima. Daima ile ilidumu miaka saba. Kufikia 1911 walikuwa wanafukuzwa Laikipia pia. Ziwa ambalo Wamaasai walilipa jina kwa sababu ya mawimbi yake, Nai'posha, likazungukwa na mashamba ya walowezi. Ng'ombe walioshuka kunywa maji pale kwa vizazi na vizazi wakawa wavamizi.

Sasa hebu fikiria umepata shamba kando ya ziwa, maji matamu, viboko, mafunjo, ndege wa kila rangi. Unatoa mshipi wako, unatupa ndoana, unangoja. Hakuna kitu. Kidagaa cha urefu wa kidole hakiwezi hata kumeza ndoana yenyewe. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba bwana shamba huvua samaki Jumamosi, hilo lilikuwa pengo. Walowezi walikuwa na uzoefu wa kuziba mapengo ya namna hiyo: mwaka 1905 Ewart Grogan alikwisha kuleta trauti kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, kule Nyandarua. Mito ya milimani ikapata samaki wa Kizungu. Naivasha ikangoja.

Mwaka 1925 ikaja tilapia kutoka mto Athi. Na 1929 akaja basi.

Ukipanda boti ya watalii utaambiwa aliletwa na Theodore Roosevelt. Ni hadithi tamu na ina kipande cha ukweli, kwa sababu Roosevelt alifika kweli. Alikuja 1909, akiwa ndio ametoka ikulu, na mwanawe Kermit, na akawinda viboko kwenye ziwa hili hili. Wawili wale waliua wanyama zaidi ya 500 Afrika Mashariki. Lakini Roosevelt alifariki Januari 1919. Labda aliacha wazo nyuma yake, mawazo ya marais huishi muda mrefu. Samaki hai, hapana, hakumbeba yeye. Naona hadithi ile inapendwa kwa sababu inamfanya basi awe zawadi ya mtu mkubwa. Ukweli ni wa kawaida zaidi: watu waliokuwa na ardhi, muda na serikali upande wao walitaka kitu cha kuvua, wakaagiza.

Tena haikuwa mara moja. Ziwa hili halina mto unaotoka, maji yake hupotelea chini ya ardhi, na kina chake hupanda na kushuka kama pumzi ya mtu mgonjwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 lilishuka sana. Basi wakapungua, wakaletwa wengine miaka ya 1940, wakaletwa wengine tena 1951. Hakuna mtu huleta kitu mara tatu kwa bahati mbaya.

Ili uelewe kwa nini alitakwa hivyo, inabidi twende kwao kidogo.

Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Maziwa Makuu ya kule hadi Mississippi na Florida. Huko maji hupoa wakati wa baridi, na mahali pengine ziwa huganda juu kabisa ukaweza kutembea. Basi huzama kina kirefu na kuishi polepole, akila kidogo. Halafu majira ya machipuko yanaingia. Jua linapasha maji ya kando kando. Dume anapanda kwenye kina kifupi, anafagia mchanga kwa mkia mpaka anapata duara safi, anamwita jike, mayai yanatagwa, na jike anakwenda zake. Dume ndiye anabaki. Analinda mayai, kisha analinda vifaranga, kundi zima jeusi kama moshi wa taa ya koroboi ndani ya maji. Siku hizo hali chakula vizuri, lakini hushambulia chochote kinachokaribia: samaki mwingine, chura, kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa rangi.

Ndiyo maana asubuhi ya machipuko ni kama Krismasi kwa wavuvi wa Marekani. Samaki yuko karibu na ufuo, ana hasira, ukitupa chambo cha uongo mbele yake anakirukia kwa nguvu, anatoka nje ya maji, anatikisa kichwa kutema ndoana. Huyo ndiye samaki walowezi walimtaka. Mama mboga hakuwa kwenye hesabu. Walitaka samaki anayepigana, na huko kupigana kwake ndiko wanakuita mchezo. Mara nyingi kinachompiganisha hivyo ni ulezi tu. Ukimtoa baba kwenye kiota hata kwa dakika chache, samaki wadogo wanaingia na kula mayai.

Naivasha haina machipuko. Maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku baridi, mchana jua. Basi alipofika hapa hakukuta baridi ya kumwambia angoja. Alikuta kina kifupi, mimea ya majini ya kujificha, na samaki wadogo ambao hawakuwahi kukutana na domo kama lile.

Niruhusu nimtaje mtu mmoja wa kwao kabla hatujarudi. Tarehe 2 Juni 1932, jimbo la Georgia, kijana wa miaka 20 aitwaye George Perry aliamka akakuta mvua imelowesha shamba, hakuna kulima. Ilikuwa wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, baba yake alikuwa amefariki, na nyumbani kulikuwa na watu wa kulishwa. Akaenda kuvua kwenye maji yanayoitwa Montgomery Lake, mkono uliokufa wa mto. Akamtoa basi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na ushee. Akampeleka dukani akapimwa, akatuma vipimo kwenye shindano la gazeti la wawindaji na wavuvi, akashinda zawadi ya vifaa. Na samaki? Alikwenda naye nyumbani, akapikwa, familia ikala. Rekodi ile ilikaa peke yake hadi 2009, Mjapani alipovua wa kulingana naye katika ziwa Biwa, kwa sababu Japani nayo iliagiza basi, mwaka 1925.

Kwa hiyo mfalme wa mchezo huu, mtu ambaye matajiri wenye boti za mamilioni wamemkimbiza kwa miaka zaidi ya 90, alikuwa kijana asiye na kazi siku hiyo, aliyevua kwa sababu kuna watu nyumbani wanangoja chakula. Huku kwetu kijana kama huyo ana jina lingine. Nitafika hapo.

Naivasha ya walowezi ilinoga. Kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zikitoka Southampton kuelekea Afrika Kusini, zilitua juu ya ziwa lenyewe, na baada ya vita zile za BOAC zikaendelea hadi 1950. Abiria alikuwa anashuka kwenye boti, anafika ufuoni viatu vikiwa vikavu. Wenye mashamba ya ufuoni walikuwa na chama chao tangu 1929, mwaka ule ule wa basi, kilichoundwa kushughulikia ile ardhi inayobaki wazi maji yakirudi nyuma. Ziwa likishuka, shamba lako linaongezeka. Hapo Mwafrika alikuwa anapiga kasia, anabeba ndoo ya chambo, anasafisha samaki. Sijawahi kuona picha ya zamani ya Naivasha yenye mtu mweusi aliyeshika mwanzi wa kuvulia kama wake. Anaonekana ameshika samaki tu, ili picha itoke vizuri.

Uvuvi wa biashara, wa nyavu, ulifunguliwa 1959. Miaka thelathini kamili baada ya basi kuletwa kwa ajili ya mchezo, mtu wa kawaida akaanza kuruhusiwa, kwa leseni, kuvua samaki wa kuuza. Wakati huo tilapia wengine wawili walikuwa wameshaingia, 1956, mmoja kwa makusudi na mwingine akichanganyika naye bila kualikwa. Yule tilapia wa Athi akazaana na mgeni mpaka akayeyuka, kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 hakuwepo tena. Mwaka 1970 zikapatikana tani 1,150 za samaki. Mwaka huo huo wakamwagwa kamba wekundu wa Louisiana, wale wenye makucha, ili wauzwe Ulaya. Kamba wakala mimea yote ya chini ya maji. Basi akala kamba, akanenepa. Kiti kikizunguka kila mtu anapata zamu. Kufikia 1997 mapato ya mwaka mzima yalikuwa yameporomoka hadi tani 21 hivi. Tani 21 kwa ziwa lote! Wakati huo Naivasha ilikuwa mji wa maua, watu wakimiminika kutoka kila kona ya nchi kufanya kazi kwenye mashamba ya waridi, na wengi wa waliokosa kazi waliangalia upande uliobaki, upande wa maji.

Machi iliyopita nilimwomba mzee mmoja pale bichi ya Kamere anichukue kwenye boti yake. Ni mtu wa Homa Bay, amevua hapa tangu ujana, ana leseni, ana nambari kwenye boti, ana nyavu za matundu yanayokubalika. Alinitazama viatu kwanza.

“Nyathina, unajua kuogelea?”

“Kidogo, mzee.”

“Kidogo haitoshi. Kiboko hajui kidogo.”

Tukatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Marekani, Machi ndio machipuko yanaanza, watu wanapakia boti zao kwenye trela. Kwetu tulikuwa tunangoja mvua ndefu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama blanketi la mtu mwingine. Longonot haikuonekana ila kilele. Furukombe akalia mara mbili. Mzee aliongoza boti kando ya mafunjo, akipiga ubao kwa kasia kila baada ya muda ili viboko wajue tunapita, na hakuzungumza mpaka tulipofika kwenye maboya yake, ambayo ni chupa za plastiki za mafuta ya kupikia.

Wavu ukaanza kupanda. Karpi, karpi, tilapia, karpi. Samaki wale wakubwa wa magamba, wanaochimbua matope kwa mdomo. Akawatoa kwa kidole gumba bila hata kuangalia. Halafu akatoka mmoja tofauti, mwembamba zaidi, kijani mgongoni, mstari mweusi ubavuni kama umechorwa kwa makaa, domo limefika nyuma ya jicho. Mzee akamshika kwa mdomo wa chini, akaninyooshea.

“Huyu ndiye mwenyewe. Zamani tulimpata sana. Sasa ukimpata ni kama umeokota pesa kwenye koti la zamani.”

“Anauzwa bei gani?”

“Huyu siuzi. Huyu ni wangu na mama.” Akamweka chini ya kiti, peke yake, akamfunika kwa gunia lililolowa.

Jua lilipotoka ndipo nikaona kule ndani ya mafunjo watu wametembea majini. Maji yalikuwa yamefika kifuani, wengine shingoni. Wavulana wanne, nguo zimefungwa kichwani, wanakokota wavu mdogo. Wanaitwa wavuvi wa miguu. Hawana boti, hawana leseni, na wavu wao matundu yake hayapiti kidole. Wanavua pale pale samaki anapozalia, kina kifupi, mahali basi anafagia mchanga wake. Pia ni pale pale kiboko anaporudi kutoka malishoni alfajiri.

Mzee akasonya. Anawachukia, na nilielewa: samaki wanaobebwa wakiwa wadogo leo ni wale ambao angewavua mwakani. Kuna waliouawa na viboko, anasema, na kesho yake wenzao wanarudi majini pale pale. Nikamtambua mmoja. Tulisoma pamoja, chuo kimoja, yeye alikuwa anafanya takwimu, alitoka muhula mmoja kabla yangu. Aliponiona aliinua mkono mmoja juu ya maji, akacheka, akarudi kuvuta.

Kisha tukasikia injini. Boti ya doria ilitokea upande wa kisiwa. Wavulana wakaachilia wavu, wakazama ndani ya mafunjo, na maji yakatulia kama hakukuwa na mtu. Askari hawakuingia mle. Waliuchukua wavu, wakaangalia leseni ya mzee, mmoja akafunua gunia, akamwona basi, akasema huyu ni mkubwa, na mzee akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake asubuhi yote. Walipoondoka chini ya kiti hakukuwa na kitu. Mzee aliendelea kutoa karpi. Sikumuuliza.

Hapa ndipo historia ya basi inaponikera. Tunajua vizuri, hata shuleni tulifundishwa, jinsi sheria za uwindaji za kikoloni zilivyogawa watu: mwenye bunduki na leseni akiua tembo ni mwindaji, mwenye upinde akiua swala wa kula ni jangili. Tumesema hayo kuhusu nyama mpaka tumechoka. Kuhusu samaki hatusemi. Lakini basi aliingia Naivasha kwa mlango ule ule. Aliletwa ili kuvuliwa kwake kuwe starehe, na starehe ikawa ndiyo kipimo cha matumizi mema ya ziwa. Hata leo, ukivua kwa mwanzi ukamrudisha samaki majini akiwa ametobolewa mdomo, wewe ni rafiki wa mazingira. Ukimvua ukampeleka nyumbani bila karatasi, ni jangili.

Najua upande wa pili, na si mwepesi. Mwaka 2001 hali ilikuwa mbaya hata uvuvi ukafungwa mwaka mzima, hadi 2002. Hapo ndipo anaingia Joan Root. Alizaliwa Nairobi, na pamoja na mumewe Alan walitengeneza filamu za wanyamapori zilizosifiwa dunia nzima. Aliishi kando ya ziwa. Alipoona nyavu za matundu madogo zinafagia mazalio, alitoa pesa zake mwenyewe kulipa kikosi cha vijana, baadhi yao waliokuwa wavuvi haramu, wazunguke kukamata nyavu. Kuhusu ziwa alikuwa sahihi, nyavu zile zilikuwa zinaliua. Lakini fikiria hesabu ya kijana aliyevua jana, leo analipwa kumkamata jirani yake, na kesho mshahara ukikatika. Januari 2006 Joan Root alipigwa risasi akafa nyumbani kwake. Wanaume wanne walishtakiwa na wakaachiliwa. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Watu wa Naivasha wakikutajia kisa kile hupunguza sauti, na kila mmoja ana jibu lake, kwa hiyo mimi sitaongeza la kwangu.

Wakati watu wanapigania samaki waliobaki, samaki wenyewe walibadilika. Karpi wa kwanza alionekana 2001, yaelekea alisombwa na mafuriko ya El Niño kutoka kwenye vidimbwi vya shamba kando ya mto Malewa. Hakuna aliyemwalika, hakuna klabu iliyomtaka. Kufikia 2010 zaidi ya asilimia 90 ya samaki waliovuliwa Naivasha walikuwa yeye. Anapenda matope, na matope yapo tele, kamba walishamaliza mimea. Basi huwinda kwa macho. Maji yakichafuka anakuwa kama mtu aliyezimiwa stima katikati ya chakula. Kwa hiyo mgeni aliyemmaliza mwenyeji alikuja kumalizwa na mgeni ambaye hakuletwa na mtu. Bado yuko, lakini ni yule wa kwenye koti la zamani.

Karpi ndiye aliyewalisha watu, hilo lisemwe. Mwanzoni wanunuzi walimkataa, ana miba mingi na ladha ya udongo. Leo kina mama wa bichi wanamkata kata, wanamkaanga mpaka miba inavunjika mdomoni, na jioni Karagita unasikia harufu yake kila kichochoro. Sijaona mtalii akipiga naye picha.

Halafu ziwa likapanda. Kuanzia mwisho wa 2019 mvua hazikukoma, na 2020 maji yakaingia Kihoto, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa mji. Watu walihama kwa boti, makochi juu ya vichwa. Mwaka 2025 maji yakarudi tena Kihoto, nyumba zikasimama ndani ya ziwa hadi madirishani. Hasara ile si ya kufanyia mzaha, nina jamaa aliyepoteza vyumba sita vya kukodisha. Lakini upande wa kusini yalitokea mengine. Ua za mashamba zilizama. Nguzo, seng'enge, mabango ya kuonya wapita njia, vyote chini ya maji. Ile ardhi ambayo chama cha 1929 kiliundwa kwa ajili yake sasa ni sakafu ya ziwa, na ziwa halina mwenye hati.

Migunga ilikufa imesimama, mamia kwa mamia, mashina meupe yametoka majini na minandi wamekaa juu yake. Na basi, ambaye hupenda kuliko kitu chochote kujificha kando ya mti uliozama, akapata nyumba mpya. Mzee wa Kamere anasema wameanza kuonekana kule, si wengi, wakubwa. Tatizo ni kwamba wavu ukiutupa kati ya matawi yale unararuka. Huwezi kuvua pale ila kwa ndoana na mshipi, mmoja mmoja, kwa subira.

Yule rafiki yangu wa takwimu alikuwa wa kwanza kuligundua hilo kati ya wenzake. Wavu ulikwisha kwenda na doria, pesa za mwingine hana. Akakata mwanzi, akanunua mshipi wa mia moja, na chambo anakiokota bure, kamba wale wekundu, anamtoboa mmoja mkiani na kumshusha kando ya shina. Anakaa juu ya tawi la mgunga uliokufa, futi mbili juu ya maji. Wiki mbili zilizopita alinionyesha kwenye simu picha ya basi aliyemjaza mikono yote miwili. Nilimuuliza kama alimuuza.

“Nimuuze wapi, buda? Mathe alikuwa hajala nyama tangu Ijumaa.”

Kisha akaniuliza, kwa vile mimi ndiye ninayekaa na intaneti mchana kutwa, kama ni kweli kwamba hata mwenye mwanzi tu anahitaji leseni ya uvuvi wa mchezo. Nikamwambia ndiyo, ni kweli. Akanyamaza kidogo, akahesabu kitu kwa vidole, akataka kujua kama inauzwa kwa siku au ni lazima ulipie mwaka mzima.